Mkanda Uliorudisha Vitu Kwao

Saa moja kasoro robo asubuhi, kabla makuli hawajafika, Kuruthumu binti Abdulkarimu alichomoa fyuzi ya mkanda, akaitia kwenye mfuko wa gauni lake la kazi, na mfuko akaufunga kwa pini. Kanuni hiyo alijitungia mwenyewe mwaka wa kwanza wa wakimbizi, baada ya kuona kidole cha mtu kimebaki kati ya ngoma ya chuma inayouvuta mkanda na mpira wake huku mwenyewe keshapelekwa hospitali. Mkanda usio na fyuzi hauwezi kumla mtu. Kanuni nyingine zilikuwa ofisini, zimebandikwa ukutani, na hakuna aliyezisoma.

Mkanda ulikuwa wa mpira mweusi, urefu wa hatua arobaini. Ulianzia kwenye jukwaa la reli, pale mabehewa kutoka Dar es Salaam yalipofunguliwa, ukaishia mlangoni mwa ghala la chakula cha wakimbizi, upande wa ziwa. Kuli mmoja aliweka gunia huku, mwingine akalipokea kule, na baadaye malori yakalipeleka makambini. Kuruthumu alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane, na kazi yake ilikuwa kuusafisha mkanda huo, kuupaka grisi panapostahili na kuurudisha katikati kila ulipoanza kuelemea upande mmoja.

Watu walidhani ni kazi ya ufagio. Hawakujua kwamba unga ukimwagika kwenye rola, na mafuta ya kupikia yakavuja juu yake, na jua la Kigoma likapiga juu ya vyote viwili, kinachopatikana ni saruji. Maji hayafai. Ukimwaga maji umepika uji, na uji hauna msaada kwa mashine. Kuruthumu alikwangua kwa kipande cha springi ya gari alichokinoa mwenyewe, akasugua rola kwa brashi ya chuma na mpira kwa brashi ya katani, kwa sababu chuma kinaujeruhi mpira. Grisi aliitia ndani ya beringi tu. Grisi ikigusa mpira, mpira unalewa, unateleza ovyo, na kuulewesha ni aibu ya fundi.

Wiki hiyo wakubwa wa shirika la wakimbizi walikuwa wanakuja kukagua. Msimamizi wa ghala, Bwana Nikodemu, alikuja na karatasi zake kifuani akasimama kando.

"Bi Kuruthumu, nataka mkanda huu ung'ae kama kiatu cha bwana harusi."

"Utang'aa, bwana. Lakini sijawahi kufika chini kabisa."

"Chini kabisa kuna nini?"

"Ndiyo maana nakwambia sijawahi kufika."

Alikwangua siku tatu. Chini ya unga wa miaka mitatu akaukuta mpira wenyewe, mweusi tii, wenye alama kama miiba ya samaki. Alhamisi saa nne akaichomeka fyuzi, na Leodgar, fundi wa mota, mtu wa Tabora mwenye mabega mapana na maneno machache, akabonyeza kitufe cha kijani. Mkanda ukaenda vizuri kuelekea ziwani kama siku zote. Makuli wakaweka gunia la kwanza la mahindi, lenye mhuri wa nchi za ng'ambo. Mkanda ukasimama kidogo, kama mtu anayesoma anwani ya barua. Halafu ukarudi nyuma na kulitua gunia jukwaani, miguuni pa yule aliyeliweka.

Wakaliweka tena. Likarudi tena.

Leodgar akalala chini ya fremu, akatazama, akaibuka na vumbi mashavuni. "Mota inakwenda ziwani," akasema. "Mkanda unakwenda reli."

"Basi wamegombana," Kuruthumu akasema, akaenda kunywa chai.

Kufikia adhuhuri walikuwa wameshajua mambo yalivyo. Kila kitu kilichowekwa juu ya mkanda kilielekea kwao. Mahindi ya ng'ambo yalikwenda upande wa reli, kwa kuwa yalitoka baharini, na bahari iko huko. Vivyo hivyo mafuta na ngano. Yalikuwepo magunia hamsini ya maharage yenye mhuri ule ule wa ng'ambo, nayo yalielekea reli, lakini yalipofika hatua ya ishirini yakasimama kwa upole, wala hayakuendelea. Mlinzi wa geti, Mha wa Kasulu, akachungulia ndani ya gunia lililochanika.

"Ego," akasema kwa Kiha, yaani ndiyo. "Haya ni ya nyumbani. Haya nayajua kama watoto wangu."

Bwana Nikodemu naye aliyatazama, akaamuru yabebwe mabegani. "Maharage yamechoka na safari," akasema, na hakuna aliyemuuliza ni safari gani kutoka Kasulu.

Mama mmoja muuza chakula aliweka beseni lake la dagaa juu ya mkanda ili afunge kanga. Dagaa waliondoka kwa mwendo ambao mkanda haukuwahi kuufikia, wakapita mlango wa mbele wa ghala, wakatoka mlango wa nyuma, wakaingia ziwani. Nusu yao walikuwa wameshakaangwa, lakini walikwenda hivyo hivyo. Mama yule alidai beseni, akarudishiwa, akaondoka.

Na watu pia. Mlinzi wa geti alikaa juu ya mkanda akapelekwa hatua ishirini, akashuka. Leodgar alipanda kukaza boliti, akatupwa jukwaani upande wa Tabora. Wakubwa wa shirika walipokuja, mmoja wao, Mzungu mrefu aliyekuwa akipiga picha, alikanyaga mkanda bila kuangalia. Ukampeleka reli hatua tatu, ukamrudisha mbili, ukampeleka tena moja. Alieleza kwamba baba na mama yake walikuwa wa nchi mbalimbali na waliachana mapema. Kwenye ripoti yao waliandika kwamba mkanda ni safi sana.

Mwaka huo ulikuwa mwaka wa tisini na saba, na amri ilikuwa imeshuka: mgeni yeyote aliyeingia bila karatasi, hata kama aliingia zamani, apelekwe kambini. Mjini iliundwa Kamati ya Kutambua Wageni. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Elikana, bwana afya mstaafu, mtu mwenye sauti ya mluzi na kofia asiyoivua. Katibu alikuwa Bwana Nikodemu. Walikaa kwenye darasa la shule wakawauliza watu majina ya babu zao. Kazi haikusonga, kwa sababu Ujiji ukimuuliza mtu habari za babu yake anaanza na mtumbwi, na akishaanza na mtumbwi hamalizi kabla ya saa ya kula.

"Mwenyekiti," Bwana Nikodemu akasema siku moja, "mimi pale bandarini nina mashine."

Jumatatu iliyofuata meza ikapelekwa bandarini, ikawekwa kando ya mkanda. Bwana Nikodemu alikuwa ameandaa fomu yenye safu mbili. Moja iliandikwa RELI, nyingine ZIWA. Atakayekwenda reli ni mwenyeji, atakayekwenda ziwani ni mgeni. Watu walipanga mstari hadi nje ya geti, na Kuruthumu akapewa kazi ya kufuta nyayo zao kwenye mpira, kwa kuwa mchanga unaukwaruza.

Mzee Elikana aliona watu wanaogopa. Akasimama, akasema kupanda mkanda si jambo la kutisha, unaweka mguu hivi, unanyoosha mgongo hivi. Akaweka mguu hivi. Mkanda ukamchukua kwenda ziwani na kofia yake, mgongo umenyooka, ukamwingiza ghalani na kumwangusha juu ya magunia ya unga. Alikaa huko kidogo. Alipotoka alikuwa mweupe mpaka kwenye nyusi.

"Hivyo," akasema, "ndivyo mtu asivyotakiwa kusimama."

Hakuandikwa popote. Wajumbe wa kamati hawapimwi.

Wa kwanza kupimwa alikuwa Abdulatif, fundi cherehani wa Mwanga, aliyekuja na cheti cha babu yake cha enzi za Mjerumani ndani ya bahasha ya plastiki. Ziwa. Akafuatia Bi Asia wa Ujiji, ambaye babu yake ndiye aliyetoa kiwanja cha ile shule iliyokuwa na lile darasa la kamati. Ziwa. Mtoza ushuru wa sokoni, ziwa. Wauza mawese wawili, ziwa na ziwa. Askari aliyekuwa akilinda mstari alijaribu kwa utani, naye akaenda reli mpaka mwisho, maana alikuwa wa Musoma. Alipandishwa mwanamume mmoja aliyevuka mpaka mwezi wa nne tu, ambaye kijiji chake kilichomwa. Mkanda ulimpeleka ziwani hatua kumi, ukasita, ukamrudisha, ukampeleka tena, ukamrudisha, mpaka akaomba kwa adabu ateremshwe.

Ilipofika saa sita, safu ya RELI ilikuwa na watu wanne. Safu ya ZIWA ilikuwa na thelathini na mmoja, pamoja na mtu aliyewaletea wajumbe soda. Mzee Elikana aliitazama fomu kwa muda mrefu.

"Tukiendelea hivi," akasema, "mjini atabaki nani?"

Wakakubaliana kwamba mashine ni nzuri, ila imeulizwa maswali mengi mno. Tangu hapo wangepimwa wale tu ambao majina yao yalikuwa tayari kwenye orodha. Orodha ilikuwa na watu kumi na mmoja. Wa nne alikuwa Melania, mke wa Chande, wa mtaa wa Kasingirima, Ujiji.

Melania alikuwa jirani wa Kuruthumu. Aliletwa na mama yake mwaka wa sabini na mbili, akiwa na miaka tisa, wakitokea Burundi, na mama huyo alizikwa Ujiji. Melania alikulia hapo, akaolewa hapo na Chande mshona nyavu, akazaa hapo watoto watatu, wa kwanza Hasna. Jiko lake na la Kuruthumu yalitenganishwa na ukuta mmoja wenye tundu, ambamo kwa miaka kumi na sita walipitishiana chumvi, kaa la moto na habari za watu. Kuruthumu alipolazwa miezi miwili kwa ajili ya mguu, watoto wake walikula kupitia tundu hilo. Aliporudi aliwakuta wamenenepa, na hakuwahi kumsamehe Melania kwa hilo.

Jumapili asubuhi sauti ya Melania ilipita tunduni. "Mama Abdu. Kesho mimi nimo kwenye karatasi yao."

"Najua, Mama Hasna. Nimeiona."

"Huo mkanda wako utanipeleka wapi?"

"Si wangu."

"Wewe ndiye unayeuogesha. Mtu unayemwogesha hukosi kumjua."

Kuruthumu akapuliza moto. Aliujua mkanda vizuri sana, na hilo ndilo lililomkosesha raha. "Vaa viatu visivyo na kisigino," akasema mwishowe. "Kisigino kinatoboa mpira."

"Nakuuliza maisha yangu, unanijibu habari za mpira!" Melania akacheka, halafu Kuruthumu akasikia mwiko umewekwa chini.

Kesho yake Kuruthumu alifika bandarini mapema kuliko kawaida. Leodgar alikuwa ameshafika, anasafisha mikono yake kwa mchanga.

"Kaka Leodgar, mota ikigeuzwa ikazungukia reli, mkanda utaitii?"

"Mota ni nyaya mbili tu kubadilishana." Akafikiri. "Lakini mkanda unateleza juu ya ngoma. Unafanya unavyotaka."

"Na ngoma ikipakwa ulimbo?"

Leodgar alimtazama kama mtu aliyeombwa amsaidie shehe kununua pombe. Ulimbo unashika mpira, kweli, lakini unautafuna pia. Katika miaka yake yote Kuruthumu hakuwahi kuupaka, na aliwahi kumfukuza kuli aliyeutaja.

"Nitageuza nyaya," Leodgar akasema. "Ulimbo upake mwenyewe. Mimi sijaona."

Kuruthumu akachomoa fyuzi, akaitia mfukoni, akaufunga mfuko kwa pini. Akaipaka ngoma ulimbo wa mfenesi kwa kidole, pole pole, kama anayempaka mtoto dawa inayouma, huku akiuomba mkanda radhi kwa sauti ndogo. Halafu akanawa kwa mafuta ya taa, akairudisha fyuzi na kuwangoja wajumbe.

Walianza kupima saa tatu. Mtu wa kwanza kwenye orodha, kibarua wa shamba la mawese, alipanda. Mkanda ulilia. Ulitoa sauti kama mlango wa zamani, ukavutika, ukakataa, na ngoma ikaushika na kuuvuta kwa nguvu mpaka kibarua akafika reli. Bwana Nikodemu akaandika. Wa pili akavutwa reli. Wa tatu, bibi mmoja asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu, akavutwa reli naye, na alipofika alipiga vigelegele. Mzee Elikana akasema inaonekana orodha ilikuwa na makosa, lakini alisema kwa furaha, maana wale wa reli hawakuhitaji lori.

Kuruthumu alisimama kando na brashi yake. Akamwona Melania anavua ndala, anazishika mkononi, anapanda peku.

"Bonyeza," akasema Mzee Elikana.

Leodgar akabonyeza. Mota ikanguruma, ngoma ikazunguka, rola zote zikazunguka chini ya mpira kama watoto wanaooga mtoni. Mkanda haukwenda. Haukwenda reli wala haukwenda ziwani. Melania alisimama pale pale alipopandia, ndala mkononi, hata upindo wa kanga yake haukutikisika. Akangoja. Akatazama kushoto na kulia kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa kwenye nyumba ambayo wenyewe hawajatokea.

"Ongeza," Mzee Elikana akasema.

Leodgar akaongeza. Ulimbo ukaanza kutoa moshi. Mkanda ukakaa.

Chande, mumewe, alikuwa kwenye kundi la watazamaji. Hakuweza kuvumilia. Akapanda akamshika mkewe mkono, akasema, "Pengine ni mwepesi mno, tutasimama wawili." Babu yake Chande alitoka Umanyema, ng'ambo ya ziwa. Mkanda ukampeleka Chande ziwani, ulimbo usiweze kitu, na ukamwacha Melania pale pale, ingawa walikuwa wamesimama juu ya mpira mmoja. Mikono yao ilinyooka, ikaachana. Chande akasikika akianguka kwenye unga.

"Nimefika salama!" akaita kutoka ndani.

Yeye alikuwa na karatasi, hakuandikwa.

Mwisho ulimbo ukaungua wote, mota ikazimika. Bwana Nikodemu alikuwa na kalamu hewani.

"Mwenyekiti, huyu niandike wapi?"

Kuruthumu akasogea mezani. Hakuwa amepanga kusema. "Shikamoo, Mzee. Naomba niseme. Mkanda umeshajibu. Vitu vyote unavirudisha kwao. Huyu hauna pa kumrudisha, kwa sababu yuko kwao."

"Mkanda haujasema kitu, mama. Umesimama."

"Ndiyo jibu lenyewe, Mzee. Nimeuosha miaka mitatu, naujua unavyojibu."

Mzee Elikana alivua kofia kwa mara ya kwanza, kwa kadiri watu walivyokumbuka, akajikuna, na katika mikunjo ya shingo yake bado kulikuwa na unga wa juma lililopita. Alionekana mtu ambaye angependa kukubali. Akageukia fomu.

"Safu ziko ngapi, Katibu?"

"Mbili, Mwenyekiti."

"Ya waliosimama?"

"Haipo. Fomu zimeshachapwa."

Mzee Elikana akavaa kofia. "Basi asiyekwenda reli si wa reli," akasema. "Mwandike ziwa." Na kwa kuwa mota ilikuwa imeungua na jua limekuwa kali, saba waliobaki wakaandikwa ziwa pia bila kupanda, ili kuokoa muda.

Melania aliteremka, akavaa ndala. Akampitia Kuruthumu karibu kabisa. "Mama Abdu," akasema kwa sauti ya chini, "ulifanya kitu?"

"Nilipaka ulimbo."

"Kwa ajili yangu? Kwenye mkanda?"

"Wengine watatu wamepita," Kuruthumu akasema, na machozi yakamtoka kwa hasira. "Wewe tu ndiye uliyeganda kama kisiki."

"Ningejua ningesukumasukuma kidogo," Melania akasema, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake mwenyewe.

Lori lilikuja siku hiyo hiyo saa tisa. Melania aliruhusiwa kuchukua sufuria, blanketi mbili na mtoto mdogo. Chande aliuliza kama naye anaweza kupanda, akajibiwa kwamba yeye ni mwenyeji na wenyeji hawaruhusiwi kuishi kambini. Hasna alibaki kupika. Siku kadhaa tundu la ukutani lilipitisha moshi tu.

Kuruthumu alikwangua ulimbo siku nne. Mpira ulikuwa umetafunika vibaya sehemu tatu. Alizishona kwa vibanio vya chuma, akasugua kingo kwa msasa, na hakumruhusu mtu yeyote kumsaidia. Leodgar akaisuka mota upya na kuzirudisha nyaya kama zilivyokuwa. Alitumaini kidogo kwamba mkanda ungekuwa umesahau tabia yake mpya. Haukusahau. Gunia la kwanza la ngano lilirudi jukwaani kama kawaida.

Kwa hiyo ghala likajipanga. Makuli wakawa wanashusha magunia kutoka mabehewani kwa mabega, wanayabeba hatua arobaini mpaka ghalani, wanayahesabu, halafu wanayaweka juu ya mkanda, nao unayarudisha jukwaani, ambako sasa malori yalikuwa yanasubiri. Kazi iliongezeka mara mbili. Bwana Nikodemu aliandika kwamba mkanda unafanya kazi vizuri, na ilikuwa kweli. Maharage tu ndiyo yaliyohitaji kusukumwa, kwa sababu bado yalisimama hatua ya ishirini.

Saa ya chakula, makuli walipolala kivulini, vikongwe wa Ujiji walianza kuja. Walikuja wawili wawili na miavuli yao. Kuruthumu aliwapangusa nyayo, akawapandisha, nao mkanda ukawapeleka ziwani pole pole, kwa heshima ya umri wao, hadi kwenye magunia aliyoyapanga yawe laini. Waliteremka wakisema huko ndiko, huko ndiko hasa, mama alikuwa akielekeza kidole huko huko. Kisha walirudi nyumbani Ujiji kupika. Mzee Elikana naye alionekana mara mbili. Alisema anakagua.

Mwezi wa tatu tangu lori lile, Kuruthumu alipata kibali cha kwenda kambini. Alipanda gari la unga, akakaa juu ya magunia aliyoyaona yakipita kwenye mkanda wake Jumanne. Alibeba dagaa wa Ilagala, chumvi, na nguo ya mtoto iliyoshonwa na Hasna. Kwenye geti la kambi walimpa kikadi cha kuvaa shingoni, kilichoandikwa MGENI.

Alimkuta Melania kwenye mstari wa mgao, amekonda lakini kanga imefungwa vizuri. Mtoto alikuwa mgongoni, amelala mdomo wazi.

"Mkanda haujambo?" Melania akauliza kwanza.

"Haujambo. Una makovu matatu."

"Niombee radhi kwake."

Mstari ulisogea. Melania akatoa kadi yake ya mgao akamwonyesha, kwa sababu ilikuwa mpya na ilikuwa na plastiki. Kuruthumu akasoma pole pole. Jina lilikuwa sawa. Mahali alipotoka: Burundi.

"Nilimwambia karani natoka Kasingirima, jirani na kisima," Melania akasema. "Akatafuta kwenye orodha yake ya nchi. Hakuiona."

Chini yake palikuwa na tarehe ya kuingia Tanzania. Kuruthumu akaisoma mara mbili. Ilikuwa ile Jumatatu ya lori.

"Mama Hasna. Wameandika umeingia nchini juzi juzi hapa."

"Ndiyo. Saa kumi na mbili jioni. Karani alinikaribisha."

Kuruthumu alimtazama. Akadhani atalia, lakini kilichotoka kilikuwa kicheko.

"Basi karibu Tanzania, jirani."

"Ahsante. Nimeambiwa watu wa Ujiji ni wakarimu."

"Si wote. Kuna wanaonenepesha watoto wa wenzao bila ruhusa."

Wakacheka mpaka mtoto akaamka, mpaka wanawake wa mstari wa pili wakageuka kuwaangalia. Walipomaliza walikaa chini kwenye kivuli cha turubai. Melania akaonja dagaa mmoja mkavu hivyo hivyo, akasema wa Ilagala bado ni wale wale, akauliza kama Chande anakula, kama Hasna anatia maji mengi kwenye ugali, kama moshi wa jiko unatoka. Kuruthumu akamjibu kimoja kimoja. Waliongea kama ukuta upo kati yao, bila kuangaliana sana, kwa kuwa ndivyo walivyozoea.

Saa kumi kamili mlinzi wa kambi alipita na kengele. Alikuwa na haraka, na hakumtazama mtu usoni.

"Wageni wote nje!" akapaza sauti. "Wageni nje, tunafunga!"

Melania akabaki amekaa. Kuruthumu akajipangusa vumbi, akaokota kapu lake, akatoka.